Joto Linapotelea Wapi? Jukumu la Vijana katika Tatizo la Nishati

Mwezi Oktoba mwaka 1973 pipa moja la mafuta ghafi liliuzwa kwa dola tatu hivi za Kimarekani. Ilipofika Januari 1974 bei ya pipa hilo hilo ilikuwa imekaribia dola 12. Mataifa machanga, ambayo yalinunua mafuta kwa fedha iliyotokana na katani, pamba na kahawa, yalijikuta yakitoa mazao mengi zaidi ili kupata mafuta yale yale. Mwaka 1979 bei ilipanda tena. Hapa Tanzania magari ya watu binafsi yalipata kukatazwa kutembea Jumapili alasiri, na tangu siku hizo mtu akitamka maneno “tatizo la nishati”, msikilizaji huona akilini mwake foleni ya magari kwenye kituo cha petroli.

Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Mwaka 1975 mwandishi wa Kimarekani, Erik Eckholm, alichapisha kijitabu ambamo alieleza kwamba kwa sehemu kubwa ya wanadamu tatizo la nishati si mafuta bali ni kuni. Baadhi ya mambo yaliyohofiwa wakati ule hayakutokea kama yalivyotabiriwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mahali pengi msitu hufyekwa kwanza kwa ajili ya mashamba, na kuni huokotwa tu katika mabaki. Hata hivyo jambo lake kuu lingali kweli katika nchi yetu. Sehemu kubwa ya nishati itumiwayo Tanzania haipiti katika bomba wala katika waya. Hubebwa kichwani, au husafirishwa kwa baiskeli, pikipiki na malori, ikiwa imeshindiliwa ndani ya magunia.

Magunia hayo yanazidi kuongezeka kwa sababu miji inakua. Mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 5,380,000. Mtu ahamiapo mjini huacha kuni na kushika mkaa, kwa maana mkaa ni mwepesi kubeba, hauna moshi mwingi, na huuzwa hata kwa kopo moja kwa mtu mwenye fedha ya siku moja. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba karibu asilimia 43 ya wananchi walikuwa na umri wa chini ya miaka 15. Hao wanakaribia kuanzisha nyumba zao na meko yao.

Kwa sababu hiyo husemwa mara nyingi katika hotuba kwamba tatizo la nishati ni jukumu la vijana. Mwandishi wa makala haya hukubali kauli hiyo kwa shingo upande. Si haki kumkabidhi mtu deni asilolikopa, na msichana anayetembea kilomita kadhaa kila wiki kutafuta kuni amekwisha anza kulilipa bila kuulizwa. Lakini liko jambo moja ambalo kijana wa leo analo na ambalo wengi wa wazazi wake hawakuwa nalo: amesoma shuleni maana ya juli na asilimia, na bado anaishi katika nyumba ambamo chakula kinapikwa kwa mkaa. Mhandisi wa ng’ambo anaijua juli lakini hamjui mpishi. Bibi yetu anakijua chakula lakini hakufundishwa juli. Kijana anavijua vyote viwili. Na kabla tatizo halijatatuliwa, lazima kwanza ijulikane joto linapotelea wapi.

SAFARI YA JOTO

Tuchukue kilo 100 za kuni zilizokauka kwa hewa. Kila kilo ina nishati ya megajuli 16 hivi, kwa hiyo mzigo wote una megajuli 1,600. Kuni hizo zikiingizwa katika tanuri la kawaida la udongo, lile linalojengwa porini kwa kufunika magogo kwa majani na udongo, zitatoa mkaa wenye uzito wa kilo 10 hadi 20, kwa kutegemea ustadi wa mchomaji na ukavu wa kuni. Tuseme kilo 15. Kilo moja ya mkaa ina megajuli zipatazo 29, na hivyo kilo 15 zina megajuli 435. Karibu robo tatu ya nishati imekwisha potea hata kabla gunia halijafungwa.

Sasa mkaa huo unafika mjini na kuwashwa katika jiko la bati. Jiko la namna hii hupeleka katika sufuria asilimia 20 hivi ya joto la mkaa. Lililobaki hupotelea pembeni, kwa sababu bati hupitisha joto upesi, na ndiyo maana mtu akiligusa huungua. Asilimia 20 ya megajuli 435 ni megajuli 87. Katika 1,600 tulizoanza nazo msituni, ni 87 tu zilizoingia katika chakula: sehemu tano na kidogo katika kila mia.

Hesabu hii ina jambo linalomshangaza kila anayeifanya kwa mara ya kwanza. Mafiga matatu, ambayo tumezoea kuyadharau kama jiko la ujinga, hutumia vizuri asilimia 12 hivi ya joto la kuni. Kilo zile zile 100 zikichomwa moja kwa moja chini ya chungu zingekipa chakula megajuli zipatazo 190, yaani zaidi ya maradufu ya zile zilizopitia tanuri na jiko la bati. Mama wa kijijini, kwa upande wa msitu, ni mtumiaji mwangalifu kuliko mkaazi wa mjini mwenye jiko linalong’aa.

Isidhaniwe kwamba tunawashauri watu wa Magomeni au Mbagala warudie mafiga. Moshi wa kuni ndani ya nyumba ni adui mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote. Mkaa nao, ijapokuwa hautoi moshi mwingi, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala na jiko ndani huku milango na madirisha yamefungwa. Tunachosema ni kwamba joto linapotea katika sehemu mbili, tanurini na jikoni, na ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Ajabu ni kwamba juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye ile ya pili.

JIKO LILILOPASUKA

Hata hivyo historia ya jiko inafaa kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake mna somo kwa kijana anayetaka kubuni kitu. Mwezi Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya jijini Nairobi mkutano mkubwa juu ya nishati mpya na nishati jadidifu. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu na mafundi wa Kenya walikuwa wakijaribu kutengeneza jiko la mkaa lisilopoteza joto. Walichukua mfano kutoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la udongo lililowekwa ndani ya chombo kama ndoo. Wazo lilikuwa rahisi: udongo uliochomwa hupitisha joto polepole kuliko bati, kwa hiyo ukiwekwa ndani ya jiko utalizuia joto lisikimbilie pembeni.

Majiko ya mwanzo yalikuwa yamesimama wima, na udongo ulishuka kutoka juu hadi chini. Katika maabara yalionekana mema. Yalipofika kwa wapishi udongo ulipasuka, maana bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja vipatapo moto. Tena jiko halikutulia. Anayepika maji ya chai haoni tatizo hilo, lakini anayesonga ugali husukuma mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili, na jiko linaloyumba humwagia mtoto sufuria. Kutokana na maoni ya akina mama waliolitumia, umbo lilibadilishwa. Jiko likapewa kiuno chembamba na chini pana, na udongo ukawekwa katika nusu ya juu peke yake, pale mkaa unapokaa. Jiko hilo likasimama imara, na udongo ukadumu.

Hilo ndilo jiko la udongo ambalo msomaji amelizoea. Mafundi wa jua kali wa Nairobi walilitengeneza kwa mabati chakavu, wakaliuza wenyewe bila kugawiwa bure na mradi wowote, na likaenea kwa mamia ya maelfu, kisha likavuka mipaka kuja Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Hufikisha sufuriani asilimia 30 hivi ya joto la mkaa. Katika mfano wetu, megajuli 87 zinakuwa 130.

Ni mafanikio ya kweli. Lakini mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka watu mara sita na zaidi katika muda wa miaka 44, na hakuna jiko la mkaa liwezalo kushindana na ongezeko la namna hiyo.

TANURI, AMBALO HALIZUNGUMZWI

Ndani ya tanuri mti hauungui, huivishwa. Sehemu ndogo ya kuni huachwa iwake ili kutoa joto, na joto hilo hufukuza maji, kisha hewa na lami, kutoka katika kuni nyingine ambazo hazipati hewa ya kutosha kuwaka. Kinachobaki ni mkaa. Kosa moja dogo huharibu kazi ya siku nyingi: udongo ukipasuka usiku na mchomaji amelala, hewa huingia, na asubuhi hukuta majivu.

Maji ndiyo mwizi wa kwanza. Gogo lililokatwa leo laweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ili kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke zinahitajika megajuli zaidi ya mbili, na joto hilo halitoki mbinguni. Linatoka katika kuni zinazoteketea tanurini. Mchomaji anayeziacha kuni zikauke kwa wiki kadhaa kabla ya kuzifunika hupata mkaa mwingi zaidi kutoka mti ule ule. Akipanga magogo vizuri bila mianya, na akiweka bomba la kutolea moshi, hupata zaidi tena. Tanuri la Casamance, lililopewa jina la jimbo la kusini mwa Senegal, lina bomba linaloweza kutengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyokwisha tumika, na moshi hulazimishwa kuzunguka ndani kabla ya kutoka. Matanuri bora ya aina hii yaweza kutoa kilo 25 za mkaa kwa kilo 100 za kuni.

Turudi kwenye hesabu. Kilo 25 ni megajuli 725. Zikitumika katika jiko la udongo, megajuli 217 zinaingia katika chakula. Tulianza na 87. Bila kupanda mti hata mmoja, mti mmoja umefanya kazi ya miti miwili na nusu.

Kwa nini basi wachoma mkaa hawayatumii matanuri hayo? Wengine hupenda kujibu kwamba hawajaelimishwa. Jibu hilo ni la haraka mno. Mchomaji wa mkaa anafahamu vyema kazi yake, na hesabu yake ni sahihi kwa hali aliyo nayo. Mti anaoukata mara nyingi haumgharimu kitu, au humgharimu kidogo sana. Kinachomgharimu ni jasho na siku zake. Kukausha kuni ni kungoja, na huenda mtu mwingine akaja akazichukua. Bomba ni zito, na kesho atahamia bonde jingine. Kitu kisicho na bei hakuna anayekiwekea akiba.

Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, vilianza kujaribu njia nyingine. Kijiji hutenga sehemu ya msitu wake wa hifadhi, huigawa katika vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, na kuvuna vichache kila mwaka vikiwa vimeachana kama miraba ya ubao wa drafti, hivi kwamba kitalu kilichovunwa hupumzika miaka 24. Visiki having’olewi. Miti mingi ya miombo huchipua tena kisikini, na chipukizi lenye mizizi ya mzee hukua upesi kuliko mche. Mchomaji hulipa ushuru kijijini, na mara mti unapokuwa na bei, tanuri bora linakuwa na maana. Miaka 24 ni mirefu kuliko muda wa uongozi wa mwenyekiti yeyote wa kijiji. Kijana wa miaka 18 anayeshiriki kuvuna kitalu leo atakuwa na miaka 42 zamu yake itakaporudi, na ni yeye tu awezaye kushuhudia kama mapumziko yale yaliheshimiwa.

UMEME JIKONI

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mapema mwaka huo huo, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulikuwa umeanza kutoa umeme. Bwawa hilo limepangiwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kwa kulinganisha, bwawa la Hale lililofunguliwa mwaka 1964 lilikuwa na megawati 21.

Je, tupikie umeme? Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, sawa na joto lililomo katika gramu 125 za mkaa, ambazo ni ngumi moja tu. Ukilinganisha hivyo umeme unaonekana ghali. Lakini jungu la umeme lenye kifuniko cha kubana mvuke halipotezi joto kama jiko. Majaribio yameonyesha kwamba huivisha chakula cha maharage cha familia kwa chini ya uniti moja. Siri yake ni mgandamizo. Ndani ya chombo kilichobanwa maji huchemka katika joto la zaidi ya digrii 110 za sentigredi, na maharage huiva mapema. Wakazi wa Njombe na Mbeya wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili: katika milima yao hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajafika digrii 95, na maharage hukawia.

Iko hesabu nyingine ambayo itawaangukia wahandisi vijana. Majungu milioni moja ya wati 1,000, yakiwashwa pamoja saa moja jioni, yanahitaji megawati 1,000, karibu nusu ya bwawa lote la Rufiji. Na mito yetu haina ahadi. Upungufu wa mvua ulileta mgawo wa umeme mwaka 1992, mwaka 2006 na mwaka 2011. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha bwawa la Mtera, umekuwa ukikauka katika sehemu yake ya hifadhini karibu kila kiangazi tangu mwaka 1993, sababu kubwa ikiwa ni maji yanayochepushwa mashambani juu ya mto. Kwa hiyo jiko la mkaa litakuwa nasi kwa miaka mingi bado, pembeni ya jungu la umeme na mtungi wa gesi, katika nyumba moja.

MIZANI NA DAFTARI

Liko jaribio ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulifanya nyumbani kwa mizani ya dukani, kipimajoto na saa. Pima mkaa. Weka lita mbili za maji katika sufuria, pima joto lake, washa, na yakisha chemka yaache yaendelee kwa nusu saa. Kisha pima mkaa uliobaki na maji yaliyobaki. Tuseme maji yalianza katika digrii 25, nusu lita imegeuka mvuke, na gramu 250 za mkaa zimetumika. Kuyachemsha maji kulihitaji kilojuli 630, na kuligeuza nusu lita kuwa mvuke kilojuli 1,130, jumla 1,760. Mkaa ulitoa kilojuli 7,250. Ufanisi ni asilimia 24.

Lakini tazama vizuri namba hizo. Sehemu kubwa ya kazi tuliyoisifu ni mvuke, na hakuna mtu anayekula mvuke. Maji yakisha chemka hayazidi kuwa ya moto hata mkaa ukichochewa namna gani. Lita moja inayotoweka hewani huchukua joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba nyingine. Jiko linalotokota kwa kishindo litapata alama za juu katika jaribio hili, na bado likawa jiko bovu la kupikia maharage. Wataalamu wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili. Ni afadhali mwanafunzi arudie jaribio kwa chakula chenyewe: maharage kilo moja yaliyolowekwa usiku kucha na kilo moja yasiyolowekwa, sufuria yenye mfuniko na isiyo na mfuniko, jiko la bati na la udongo, na mpishi awe yule yule apikaye kila siku, akiamua mwenyewe kama yameiva. Aulizwe pia ni kitu gani kilichomuudhi katika jiko, kwa kuwa mizani haina safu ya jambo hilo.

Tahadhari moja katika upimaji. Mkaa uliobaki usizimwe kwa maji, maana mkaa uliolowa huzidi uzito na kuiharibu hesabu yote. Umimine katika debe, ulifunike kwa bati au sinia mpaka uzimike kwa kukosa hewa, upepete majivu, ndipo uupime.